Kopo la Olivette Lililofungwa Mkanda

Shemeji yangu Clovis Naquin hajawahi kuvuka mji jirani wa Houma ila kwa kufukuzwa na upepo, lakini muulize habari za ile bahari iliyo kati ya Afrika na sisi, atakuelekeza kama mtu anayekuelekeza dukani. Anajua mawingu hukusanyikia wapi, hupata nguvu wapi, hukata kona wapi. Maishani mwake amekuwa mvuvi wa kamba, fundi wa nyavu, na mume wa dada yangu Olivette. Kazi mbili za kwanza magoti yalimwachisha. Ya tatu kifo kiliikatiza, miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia. Iliyobaki ni kufuatilia vimbunga, na hiyo hakuna aliyemwajiri wala anayemlipa.

Kila Juni duka la vifaa hugawa ramani bure, zenye miraba na bahari yote hadi kwetu Louisiana. Wengine tunafungia samaki. Clovis huibandika mlangoni mwa friza lake kwa sumaku, anavuta kiti, anawasha redio. Ikisomwa kimbunga kilipo, analamba ncha ya penseli, anatia nukta. Simu ya kila mtoto hapa inaonyesha hayo hayo kwa rangi na mishale, lakini Clovis anasema simu haioni haya ikikosea. Yeye akikosea anaona haya wiki nzima, hata mkate hanunui mwenyewe.

Halafu anaongea nazo, nukta zake. "Kata kulia! Kulia, zuzu wewe! Florida kuna nafasi tele!" Mimi humwambia hiyo ni dhambi. Sisi watu wa kanisani hatuombi kimbunga kiende kwa wengine. Tunaomba kisije kwetu tu, basi, halafu tunaangalia pembeni.

Mwaka ninaousimulia vilikuwa vingi mpaka watangazaji wakakauka sauti. Vimbunga hupewa majina kwa kufuata alfabeti, na Agosti haijaisha tulikuwa tumeshakula nusu ya herufi. Clovis akakonda. Sisi tukanenepa, na sababu nitaieleza.

Hapa kwetu kila nyumba ina friza, na hilo friza ndilo benki. Humo mna kamba wa Mei, kaa, soseji, bata wa msimu uliopita. Kimbunga kikija umeme unakatika, na ukikatika usiutegemee kesho. Kwa hiyo nukta zikianza kutuelekea, kila mtu anafungua lake, majiko ya gesi yanatolewa uani, mtaa mzima unapika na kulishana. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni wetu huja na upepo. Hakuna siku tunakula vizuri kama siku ya kungojea balaa.

Sasa katika karamu hizo Clovis alikuwa na tabia moja iliyonichoma roho. Anakuja na kijiko. Kijiko peke yake! Siku ya kumngojea Dorette, kimbunga cha kwanza kututisha mwaka ule, uvumilivu ukaniishia.

"Shemeji," nikamwambia mbele za watu, "kila mwaka tunakushibisha. Friza lako lina nini hata lisifunguliwe? Maiti?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanishika mkono, akaniingiza jikoni kwake, akafungua. Ndani mlikuwa na mifuko ya barafu imepangwa kama matofali, na katikati yake kopo moja la aiskrimu, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi.

"Gambo ya Olivette," akasema. "Ya mwisho."

Gambo ni ule mchuzi wetu mzito wa kahawia, kamba na kaa ndani yake, unamwagiwa wali. Kila nyumba hujisifia yake, lakini kwa ile ya dada yangu watu walikuwa wakifunga safari. Clovis alilikuta lile kopo baada ya mazishi, chini kabisa ya friza. Kula hakuweza. Kutupa hakuweza. Akalifunga.

"Miaka yote hiyo hukuniambia? Mimi si dada yake?"

"Ningekuambia ungeila."

Na kweli ningeila.

"Akiba haiozi, shemeji," nikasema, "lakini umeme ukikatika inaoza."

"Sasa unadhani nafuatilia vimbunga kwa ajili ya nini? Paa?" Akalifunga friza taratibu. "Paa nitaezeka jingine."

Kesho yake wakatuambia tumo kwenye ile faneli ya njia ya kimbunga wanayoichora kwenye televisheni, ile inayoanza nyembamba baharini na kufika pwani imepanuka. Clovis akaamua kuhama. Nikamngoja getini na begi langu. Gari likasimama, nikashika mlango wa mbele.

"Panda nyuma," akasema. "Hapa pana mtu."

Pale mbele palikuwa na sanduku la barafu, limefungwa mkanda wa usalama, na juu yake amelifunika koti lake la kanisani. Jamani! Tukaenda hivyo mpaka Opelousas, huko bara, kwa binamu yangu, mimi nimebanwa na matairi mawili ya akiba, na kila penye shimo Clovis anapunguza mwendo na kuliwekea sanduku mkono. Dorette akaenda zake Texas. Tukarudi.

Akaja Hamlin. Tukahama tena, mimi nyuma, kopo mbele. Hamlin akafika katikati ya Ghuba, bahari ya hapa mbele yetu, akasita, akakata kulia kama alivyoamriwa. Tukarudi. Kufikia hapo mtaa mzima ulishajua habari za kopo. Mimi nilimwambia Dudley Pitre peke yake, jirani yetu, fundi wa injini za boti, na Dudley naye akawaambia watu wote peke yao.

"Mjomba Clovis," Dudley akawa anamtania, "hilo kopo limetembea kuliko mimi. Mwisho litaomba pasipoti."

"Wewe cheka," Clovis akamjibu. "Siku jenereta lako likikushinda tutaona."

Wacha kinywa kiumbe!

Vimbunga vya kutoka Afrika ni wageni wenye adabu, wanapiga hodi wiki nzima. Lambert hakutoka mbali. Alizaliwa mlangoni, hapo hapo Ghubani, kwenye maji ya moto. Clovis akatia nukta ya kwanza, akatia ya pili, kwa ya tatu ramani ikawa haina tena bahari. Tulipotoka na begi na sanduku, barabara ya kwenda bara ilikuwa imekwishafunikwa na maji na polisi wanawarudisha watu. Nilimtazama Clovis, akawa mweupe kama chokaa.

"Nimechelewa kukiona," akasema. "Velma, nimechelewa."

Tukakimbilia kwa Dudley. Nyumba yake iko juu ya nguzo ndefu, na ina jenereta. Sitaficha, niliogopa. Upepo ulipiga kelele tangu jioni mpaka kulipopambazuka, ukuta unatetemeka, mimi nataja watakatifu wote ninaowajua na wengine nawabuni. Clovis alikaa sakafuni amelikumbatia sanduku.

Asubuhi tukahesabiana, wote wazima. Baraza la Clovis lilikuwa limeondoka. Friza lake lilikuwa limelala chali uani kwangu, ramani bado imebandikwa mlangoni, sumaku zote mahali pake. Kopo tukaliingiza kwenye friza la Dudley, jenereta likawashwa, Clovis akapata rangi. Siku iliyofuata jenereta likakohoa mara mbili, likazima. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli. Dudley alilifungua, akalipuliza, akalitukana, akaliomba msamaha, wapi! Petroli nyingine hakuna, barafu hakuna, barabara bado ni mto.

Clovis akalitoa kopo, akalibonyeza kwa kidole. Likabonyea. Akaketi nalo kwenye ngazi, mapajani, na hakuna aliyemtania.

Nikakaa kando yake. "Shemeji, iliyoyeyuka haigandishwi tena. Unajua."

"Najua."

"Basi tuile leo, kwa heshima, au iharibike kesho."

Akatoa kisu, akakata utepe, akafunua.

Gambo haikuwamo. Mlikuwa na maji ya rangi ya waridi, vipande vya barafu vikielea. Clovis akatazama, akalitikisa kopo, akatazama tena. Mimi nikaingiza kidole, nikalamba, na papo hapo nikamwona dada yangu amesimama jikoni na kitambaa cha nywele kichwani.

"Ni supu ya vichwa," nikasema. "Vichwa vya kamba na maganda. Alikuwa anavichemsha na kitunguu, anachuja, anaweka. Siku ya kupika anamimina hii badala ya maji. Ndiyo ilikuwa siri yake."

"Si gambo?"

"Si gambo, shemeji. Ni ya kupikia gambo."

"Miaka sita," akasema polepole, "nimelinda maji."

"Umelinda supu."

"Nimeifunga supu mkanda. Nimeifunika koti langu."

Mungu anisamehe, nikacheka. Nilijaribu kuzuia kicheko kikatokea puani. Clovis akanigeukia kwa macho ya kutaka kunizaba kofi, halafu na yeye kikamshika, tukacheka mpaka Dudley akachungulia kutuangalia kama tumerukwa na akili. Kisha nikaona mabega yake yanaendelea kutikisika na kicheko kimekwisha.

"Kwa hiyo alikuwa anataka kupika tena," akasema.

"Ndiyo."

"Hakujua."

"Hakujua, shemeji."

Nikamwacha alie. Na mimi nililia, kwa nini nifiche, dada yangu alikuwa mmoja. Tulipomaliza nikajifuta na aproni, nikasimama.

"Haya, inuka upike."

"Mimi? Mimi nakula tu."

"Hilo mtaa mzima unalijua. Inuka!"

Dudley akaleta kamba waliokuwa wanayeyuka, na soseji, na jiko la gesi. Tukawamenya kamba, vichwa tukavitupia kwenye ndoo ya makombo ya bata wa Dudley. Mimi nikamkabidhi Clovis mwiko. Gambo huanza na unga na mafuta, unakoroga, unakoroga, mpaka unga uwe rangi ya chungu cha zamani. Huachi hata kwa haja ndogo. Ukigeuka tu umeungua, na ukiungua ni wa kutupa.

Alikuwa anaendelea vizuri, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, mara redio ya betri ikasema kuna kingine nyuma ya Lambert, jina lake Maddox, kiko mahali fulani na mahali fulani. Clovis akatupa mwiko, akakimbia kutafuta penseli.

"Unga!" nikapiga kelele.

Moshi ulishajaa. Dudley akamwaga ule unga majini, hata samaki hawakuusogelea.

"Mjomba," akasema, "Lambert ametuachia nyumba. Wewe usituchomee."

Akaanza upya. Safari hii jasho linamtoka, mkono unazunguka, rangi inakuja. Redio ikaanza tena kusoma habari za Maddox. Nikauona mkono wa Clovis ukisita. Nikamwona akisikiliza neno la kwanza, la pili.

"Dudley," akasema, macho sufuriani, "zima hicho kitu."

Dudley akazima. Clovis akamimina ile supu ya dada yangu, tone la mwisho, harufu ikapanda ngazi ikaingia chumba hadi chumba. Majirani wakaanza kuja kwa mitumbwi, kila mmoja na bakuli.

"Supu ya miaka sita haitatuua?" Dudley akauliza, kijiko tayari mdomoni.

"Imechemka mpaka imetubu," nikamwambia. "Kula."

Haikuwa kama ya Olivette. Unga ulizidi kidogo na soseji zilikatwa na mtu mwenye haraka. Lakini kule nyuma ya ulimi, mwisho kabisa wa kumeza, alikuwapo. Clovis alikula amefumba macho.

Watu wakaondoka na giza halijaingia. Mimi nikakusanya mabakuli, nikatoka nje, nikamkuta Clovis amechutama kwenye ndoo ya bata, anatoa vile vichwa vya kamba kimoja kimoja na kuvisuuza. Kopo la aiskrimu liko pembeni, limesuguliwa linang'aa.

"Shemeji, umeme hakuna," nikamwambia. "Utaigandisha wapi?"

"Umeme utarudi."

Nikamchokoza tu. "Na Maddox? Amefika wapi?"

"Sijui," akasema Clovis, wala hakuinua kichwa. "Hivi vichwa vinachemshwa muda gani?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamfundisha.