Sahani za Papa Léopold

Léopold Muhindo alifika Kisangani juu ya magunia ya maharagwe, ndani ya lori lililotoka Butembo, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinasitasita. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kupakua mizigo kwa Mgiriki mmoja mwenye duka na baa karibu na mto. Katika baa hiyo kulikuwa na sanduku la muziki, lile la kutia sarafu, na kila Mgiriki alipoletewa sahani mpya za santuri kutoka Ulaya, zile za zamani zilitupwa uani pamoja na chupa zilizovunjika. Léopold akawa anaziokota. Hakuwa na chombo cha kuzipigia. Aliziosha kwa sabuni, akazianika kivulini, akazipanga chini ya kitanda. Wenzake walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Miaka ikapita. Mgiriki akafunga virago, wazungu wengine wakamfuata, na kila aliyeondoka aliacha kitu: huyu pikapu ya kupigia santuri, yule kreti ya sahani ndogo za santuri, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Nyingi zilikuwa za Waamerika weusi wanaoimba kama watu wanaoungama. Nyingine za vijana wa Kiingereza na magitaa yao ya kelele. Kufikia hapo Léopold alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na sabuni katika Tshopo, mojawapo ya komini za mji, ana mke na watoto, wa kwanza akiitwa Sophie, na sahani zake zilijaza rafu za chumba cha nyuma. Kila moja aliitia alama ya pembetatu kwa wino, juu ya karatasi ya katikati. Walikuja wenye baa wa mtaa wa Mangobo, walikuja maarusi, hata wafiwa waliotaka wimbo alioupenda marehemu. Aliwauzia. Lakini sahani isiyo na pacha hakuiuza kwa bei yoyote.

"Ile iko peke yake," alikuwa akisema. "Nikikupa, mimi nitabakia na nini?"

Ndipo ikaja vita. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia nchini yakiwa marafiki, yakaanza kugombania mji usiokuwa wa lolote kati yao. Baada ya mapigano ya kwanza, Kahambu, mkewe, alimkalisha chini.

"Papa Sophie, tuma ile ma-disque Butembo. Hii mji haiko tena mji."

Alikubali bila ubishi. Barabara ilikuwa imekufa zamani, imebaki ndege tu. Akapakia kreti za sahani kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka kizuizi cha uwanja wa ndege. Askari alifungua kreti moja, akatoa sahani, akachungulia jua kupitia tundu lake, akacheka.

"Rudisha nyumbani, papa. Ndege iko ya kubeba mali."

Akarudisha nyumbani.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, mabomu yakaanza kupita juu ya mto Tshopo, yakitoka huku na kuangukia huku, na nyumba ya Léopold ikawa katikati. Watoto walikwisha kukua na kwenda zao, lakini mama mkwe wake, koko Kanyere, bibi yao, alikuwa hawezi tena kutembea. Léopold akainama, Kahambu akamfunga mama yake mgongoni kwa mume wake kwa pagne, kitenge chake, kama mtoto. Mlangoni Léopold aligeuka kutazama chumba cha nyuma. Mikono yake ilikuwa imeshika mapaja ya yule mzee. Hakuchukua hata sahani moja. Na hata kama angekuwa na mkono wa tatu, angechagua ipi?

Walilala sakafuni parokiani, wamebanana na watu wa mtaa mzima. Maji hayakuwako. Aliyekwenda mtoni aliombewa kabla ya kutoka. Koko Kanyere aliomba maji, kisha akaacha kuomba, na asubuhi moja, mabomu yakiendelea, walimkuta amekata roho, kichwa chake begani kwa binti yake. Walimzika uani, amefungwa pazia la sakristia. Léopold alichimba kwa sahani ya bati, maana jembe halikuonekana, na kila kishindo kilipolia alilala chini karibu na kaburi, kisha akaamka akaendelea.

Bunduki ziliponyamaza walirudi. Paa la nyuma lilikuwa limefunuka. Pikapu haiko, rafu haziko, hata mbao zake haziko. Sakafuni palikuwa na mifuko ya karatasi ya zile sahani, imelowa mvua, imekanyagwa na mabuti. Waporaji walikuwa wamezivua nguo wakaondoka nazo uchi. Majirani, alipowauliza, walimwambia ajaribu sokoni.

Alizipata sokoni. Kwenye kona, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, ameweka karanga za kukaanga katika vibakuli vyeusi vilivyojikunja ukingo kama maua. Léopold akachuchumaa. Akasogeza karanga kwa kidole. Chini yake palikuwa na karatasi nyekundu, na juu ya karatasi pembetatu ya wino. Tundu la katikati lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha chupa.

"Papa, uko unanunua ao uko unachezea?"

"Mama, hii uliipata wapi?"

"Kuko vijana wanauzisha. Unaweka karibu na moto, inalegea, unaikandamiza juu ya kopo. Bon, inakuwa sahani." Akamtazama vizuri. "Iko yako?"

Njia nzima Léopold alikuwa ametayarisha maneno ya kumwambia mwizi. Sasa hayakuwa na pa kwenda. Mama huyu alikuwa amevaa shati la mwanamume, mguu wake umefungwa kitambaa. Aliitwa Augustine, alisema. Alitoka Yanonge na mumewe kwa pirogi, mtumbwi wao, kuuza samaki, vita ikawakuta. Mume alikwenda kuchota maji. Mpaka leo.

"Kama iko yako, twaa," Augustine alisema. "Lakini uniachie hata mbili, papa. Karanga nitatia wapi?"

"Ilikuwa na muziki."

"Hii?" Alizimimina karanga, akaipeleka sahani sikioni, akangoja kwa makini. "Sisikii kitu."

"Hata mimi," alisema Léopold. Akamsaidia kurudisha karanga, akaondoka mikono mitupu.

"Umezipata?" Kahambu alimuuliza.

"Nimezipata."



Duka lilifunguliwa, la chumvi tu. Siku moja akaingia Désiré, fundi wa kushona wa Mangobo, kutafuta wimbo aliocheza na mkewe siku ya ndoa yao. Mke amekufa katika vita ile ile. Jina la wimbo hakulijua, wala maneno, maana yalikuwa ya Kiingereza. Akaanza kuuvumisha puani. Léopold aliutambua papo hapo, akamfuata kwa sauti ya chini, wazee wawili juu ya magunia ya chumvi, mpaka pale ambapo ngoma zinasimama na mwimbaji anabaki peke yake. Hapo wote wawili wakakwama.

"Kisha inaendelea namna gani?" Désiré aliuliza.

Léopold aliurudia tangu mwanzo, akakwama pale pale.

"Sijui tena, ndugu yangu," alisema. "Kweli, sijui."