Mgomba kwenye Lango la Wakala

Mchungaji wetu akihubiri msamaha hunitazama mimi. Nami humkazia macho mpaka anainamia Biblia yake. Nimsamehe nani? Ng'o!

Ndugu yangu wa mwisho alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Ekerenyo. Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa na wakala wa kupeleka vijana kazi za nje, akamwambia kuna meli inachimba gesi katika bahari kuu, mbali kupita mipaka ya nchi zote, na inataka mafundi. Meli yenyewe haibebi mizigo. Inasimama papo hapo juu ya kilindi, inateremsha mabomba mpaka chini ya bahari, na mabomba hayo yanahitaji mtu wa kuyachomelea. Ndugu yangu alikubali kabla chai haijapoa kikombeni.

Alipofika alinipigia simu akicheka. "Dada, kwenye karatasi mimi ni muogeleaji hodari. Nina cheti kabisa!"

Huyo mtoto nilimlea mimi mama alipokufa. Mto wetu wa hapa chini alikuwa akiuvuka amening'ang'ania leso. Nikamuuliza cheti amekitoa wapi. Akasema wakala ndiye aliyekitengeneza, kwa sababu bila hicho hawamchukui mtu. Nikamwambia arudi nyumbani. "Tulia, Dada," akasema. "Siku moja utapika kwa gesi niliyoichimba mimi, uachane na kuni."

Habari ilinikuta kituo cha chai, niko kwenye foleni ya kupima majani. Wakala alikuja na miwani yake, akaniambia mbele ya watu: "Pole, mama. Aliteleza akaanguka majini. Hawakumpata."

Nilimwomba vitu viwili tu: jina la meli, na barua inayosema alikufaje. Akapangusa miwani. "Maji yale hayana mwenyewe. Bendera ya meli ni ya nchi moja, wenye meli wako nchi nyingine. Utashtaki wapi?"

Nilienda kwake mara nyingi. Kila mara mlinzi alisema mzee hayuko, na gari lake nikilishika bado lina joto. Kumbe aliogopa barua ikija, cheti chake cha uongo nacho kitakuja.

Kwetu, mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa shina la mgomba. Wajomba waliniachia mimi nichague shina. Desturi ni kulikata juu ya ardhi, libaki gogo tu. Mimi nililichimbua na mizizi yake yote na chipukizi ubavuni, nikalifunga kwa shuka na shati la ndugu yangu, na hakuna aliyegundua. Tulipofika njia panda ya kwa wakala niliwaambia vijana wa bodaboda waliolibeba wakunje kona. Walikunja! Walichimba hapo langoni pake, na kabla shimo halijafika kina cha kaburi nikasema, "Inatosha."

Wajomba walikasirika. Mvua iliponyesha na mgomba ukachomoza, walisema nimekosea, mwanamke mzima hajui kukata shina. Niliwaacha waseme. Nimelima ndizi tangu utotoni.

Mgomba ulizaa, ukazaana, majani yakaziba nusu ya lango. Wakala hakuthubutu kuugusa, maana hakuna mtu wa hapa anayeinua panga juu ya kaburi. Alitaka kuuza nyumba ahamie mjini. Kila mnunuzi aliona kaburi akageuza gari.

Mwishowe alikuja kwangu mwenyewe, amekonda. "Mama, wewe ndiye uliyeuzika. Njoo uung'oe."

"Lete barua," nikamwambia. "Ukileta nitakuja na jembe."

Aliileta baada ya wiki mbili. Nilimwambia asome kwa sauti, amesimama uani kwangu. Hakuteleza, ndugu yangu. Ilikuwa siku ya mazoezi ya kujiokoa. Wenye cheti cha kuogelea waliambiwa waruke kwanza, wawaonyeshe wenzao. Akaruka. Namjua: hakutaka ijulikane kwamba cheti ni cha uongo, asije akamponza aliyempa.

Wakala alipofika hapo kwenye kuruka alianza kuikunja barua. Nikamwambia amalize mpaka jina la meli na sahihi ya mwisho. Akamaliza. Nililia mbele yake, na sikuona haya.

Asubuhi iliyofuata nilienda na jembe kama nilivyosema. Alinifungulia lango mwenyewe, akashukuru, akaniita dada. Nilichimbua chipukizi moja tu, nikaifunga kwa leso niende kuizika nyumbani, pembeni mwa mama. Kisha nikarudi kwenye shina kubwa, nikalipalilia taratibu huku akinitazama, nikamwaga debe zima la samadi niliyokuja nayo.