Siku Mama Alipoendesha Pikipiki Hadi Kalehe

Harufu ya petroli hainichukizi. Wengine huziba pua wanapopita kwa wauzaji wa petroli ya chupa kando ya barabara. Mimi hupunguza mwendo. Ikinifikia tu, namwona Mama amechuchumaa uani kwetu Nyalukemba, Bukavu, asubuhi moja ya kiangazi, akimimina petroli kwenye tangi la pikipiki huku amevaa suruali ya Papa. Papa alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Niwaambie mapema, wasomaji wangu: sisimulii haya ili mtuonee huruma. Huruma tulipewa ya kutosha siku zile, na haikutufikisha popote.

Mambo yalikuwa hivi. Kwetu, matanga yakiisha, ukoo wa marehemu hukutana kwao kugawana vitu vyake. Mjane huketi pembeni kwenye mkeka, macho chini, wala hajibu neno, kwa sababu kwa wakwe mke ni mgeni hata akizaa watoto kumi. Redio ya Papa ilikuwa imekwisha kwenda. Koti lake limekwenda, na viatu vyake vya misa pia. Ilibaki pikipiki, au moto kama tunavyoiita kwetu. Tonton Deo, mdogo wake Papa, akapiga simu kutoka Kalehe: tutafute motard, dereva wa pikipiki, wa kuipeleka Jumamosi. Mama aliweka simu karibu na sikio langu ili nami nisikie.

"Moto ni kitu ya mwanaume," Tonton alikuwa akisema. "Mwanamuke ataifanya nini? Ataanikia nguo juu yake?"

Mama alikuwa muuguzi wa chanjo. Kila wiki alipeleka sanduku la chanjo kwenye vituo vidogo vya afya vilivyotapakaa kando ya ziwa, na Papa, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemwendesha siku asizofundisha. Kazi ile ilitaka mtu mwenye usafiri wake. Pikipiki ikienda, kazi ingekwenda, na kazi ikienda, shule yangu ingeifuata. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hilo nililijua vizuri.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Mama aliweza kuendesha. Papa alipoanza kuumwa mgongo, walikuwa wakifika mahali pasipo na watu wanabadilishana viti: Papa nyuma na sanduku la chanjo, Mama mbele. Wakikaribia kijiji wanabadilishana tena, Papa asije akachekwa. Miaka miwili walifanya mchezo huo na hakuna aliyegundua.

Asubuhi ile jirani yetu, mama mmoja mnene wa kwaya ya parokia, alituchungulia juu ya ua.

"Mama Nsimire! Uko mujane na unavaa pantalon? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," Mama alimjibu bila kugeuka. "Na mimi sijavua, dada. Nimevaa."

Akaniwekea kofia ya chuma ya Papa, iliyonifika hadi kwenye nyusi. Niliomba nikae upande, miguu pamoja, kama wasichana wenye adabu wanavyokaa. Alikataa. Tukapanda kuelekea Bagira, mjane mwenye kitenge cheusi kilichofungwa juu ya suruali ya mwanaume, na binti yake ameficha uso mgongoni kwake. Nasema ukweli wote: niliona aibu. Watu waligeuka kututazama. Vijana wa teksi-moto walipiga miluzi. Mama naye aliwapigia honi.

Kavumu ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa muda mrefu sikumsimulia mtu. Pale sokoni mama yake rafiki yangu wa darasani aliuza nyanya, na kila Jumamosi rafiki yangu alikuwa pale naye. Nilimpigapiga Mama begani.

"Maman, simama. Nataka kushuka. Nitatembea mupaka soko iishe."

Alisimama. Hakuuliza kwa nini. Nilitembea upande wa pili wa barabara kama mtoto aliyetumwa kununua sabuni, na Mama akapita polepole peke yake katikati ya kelele. "Mujane anaendesha moto! Mukuye muone!" wauza nyanya walipiga kelele, wakashikana mabega kwa kucheka. Sikumtazama. Nilimkuta mbele, chini ya mikaratusi, injini inanguruma, ameegemeza mguu mmoja chini.

"Umemaliza kutembea? Panda."

Baada ya Katana barabara iliteremka na ziwa likafunguka upande wetu wa kulia, karibu kiasi cha kusikia maji yakipiga mawe. Sijui niwaelezeje barabara ile siku ambayo haina malori. Vumbi lilikuwa jekundu na laini. Migomba iliinama juu yetu, kisiwa cha Idjwi kilikaa ng'ambo katika ukungu, na kila tulipopita kijiji harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa juani ilitupokea na kutusindikiza. Mama aliijua kila kona. Alipunguza mwendo kabla sijaona shimo, akaongeza kabla sijaona kilima. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu maziko, aliimba. Ulikuwa wimbo wa kutolea sadaka, na aliuimba vibaya na kwa nguvu, upepo ukimrudishia maneno mdomoni. Nilisahau kuficha uso.

Karibu na Kalehe kulikuwa na kamba iliyovuka barabara na askari mmoja kijana aliyeishika.

"Mama, okei wapi?" aliuliza tunakokwenda, kwa Kilingala chao cha jeshini, kisha akatazama nyuma yetu. "Na chauffeur iko wapi?"

"Dereva njo mimi."

"Bwana yako anajua?"

"Kwenda umuulize. Iko mu makaburi, Bukavu."

Askari alishusha kamba hata kabla hajafunga mdomo.

Nyumbani kwa Tonton Deo viti vilikuwa vimepangwa chini ya kivuli cha nyumba, wazee wa ukoo wamekaa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inazungushwa katika kibuyu. Mama aliingiza pikipiki hadi katikati ya uwanja. Kibuyu kikasimama. Tonton akainuka, akachungulia njia tuliyotokea.

"Motard iko wapi?"

Mama alizima injini, akachomoa ufunguo, akaushindilia kwenye kiganja changu, akakunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Ulikuwa na joto. Halafu akaenda kuwasalimu wakwe kwa kupiga magoti, akaketi kwenye mkeka, akainamisha macho, akanyamaza kabisa.

Nilimkasirikia mno! Njia yote ile, soko lote lile, halafu anyamaze? Tonton alisema maneno mengi kuhusu damu na ukoo na vitu vya wanaume, wazee wakaitikia. Mwishowe Tonton akanigeukia mimi, kwa sauti tamu.

"Nsimire, mutoto yangu, leta ufunguo. Sasa mimi njo papa yako."

Alinyoosha mkono. Mtoto wa kwetu hamkatalii mdogo wa baba yake. Afadhali akatae chakula. Nilikwenda hadi mbele yake. Mkono wake ulikuwa safi, na kucha zimekatwa. Nikatazama mkeka: mikono ya Mama ilikuwa imelala magotini, vumbi hadi kwenye viwiko, oili nyeusi chini ya kucha.

"Apana, Tonton."

"Unasema je?"

"Ni ya papa yangu. Sasa ni ya kwangu. Sitakupatia."

"Nani amekufundisha hii maneno?"

"Hakuna mutu." Na ilikuwa kweli.

Nilidhani atanipiga. Nafikiri naye alidhani hivyo. Lakini Tantine Regine, dada mkubwa wa Papa, mwanamke aliyekuwa hacheki hata harusini, alisema polepole kutoka kwenye kiti chake:

"Deo. Mujane tunaweza kumunyanganya. Huyu ni damu yetu. Utamunyanganya mutoto ya kaka yako kitu ya papa yake, sisi tunaangalia? Basi anza wewe."

Tonton hakuanza. Wazee waligundua ghafla kwamba kibuyu hakijafika kwao. Tulirudi Bukavu mchana uleule kwa pikipiki yetu, na Alhamisi Mama alikwenda kazini peke yake, sanduku limefungwa nyuma. Tonton hakukanyaga tena kwetu. Hakuja kwenye harusi yangu. Hadi leo hajatusamehe, nasi hatujamwomba.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alinipa ufunguo kwa sababu mifuko ya suruali ya Papa ilikuwa imetoboka. Nilielewa baada ya kuolewa, siku nilipokalishwa mimi mwenyewe kwenye mkeka wa wakwe, macho chini. Pale mdomo wa mke hauna uzito. Wa mtoto unao. Mama aliliona hilo mapema, akaweka kazi yake na shule yangu na miaka yetu yote katika kiganja cha msichana aliyekuwa ameona haya kupita naye sokoni asubuhi ileile.

Mwaka jana nilimuuliza. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa.

"Maman, na kama ningemupatia Tonton ufunguo?"

"Tungerudi na miguu," alisema. "Lakini pale Kavumu ulinikataa mbele ya soko muzima. Nikajiambia, huyu anaweza kukatalia mutu."

Nilicheka, kisha nikalia, naye akaniambia nilete sufuria. Sasa nina binti wa miaka tisa. Nikisema kaa, anasimama. Nikisema nyamaza, anauliza kwa nini. Majirani wananishauri, na mume wangu pia, kwamba nimnyooshe mapema kabla hajawa mkubwa. Sitaki.