Mtoto Ananyonya?

Tulia, maziwa yatashuka. Jamani, nilichoka kuambiwa nitulie! Binti yangu alikuwa na wiki mbili, mdogo kama mkate, analia hadi sauti inakauka, na mimi titi limejaa, gumu, linauma, halitoi kitu. Kliniki wakampima, uzito umeshuka tena. Muuguzi akasema tukirudi Ijumaa hali ikiwa ile ile, atalazwa.

Alinieleza taratibu. Mwilini kuna mishipa ya fahamu inayotuandaa kukimbia hatari, na mingine inayotupumzisha. Ukiwa na hofu, ile ya kwanza inashika usukani, moyo unaenda mbio, na maziwa yanagoma kushuka hata kama yapo.

"Nyumbani unapumzika?" akaniuliza. Nikacheka kwa uchungu.

Nyumba yetu ya mtaa wa Cheyo haikuisha wageni. Ndugu za mume wangu walitoka Sikonge na asali, kuku, pole na hongera, na kwetu mwanamke hawasalimii wakubwa akiwa amekaa. Anapiga magoti. Kila hodi nilichomoa titi mdomoni mwa mtoto, nikashuka kitandani na mshono wangu wa upasuaji, nikapiga magoti. Shikamoo baba. Shikamoo mama. Marahaba, mtoto ananyonya? Ananyonya. Nilidanganya. Ikafika mahali nikisikia hata geti la jirani, moyo unanilipuka.

Alhamisi mchana mama mkwe aliingia na shangazi wawili wa mume wangu. Mtoto alikuwa amechoka hata kulia. Niliogopa, Mungu wangu, niliogopa! Nikabaki pale pale kitandani.

"Mama, leo sipigi magoti," nikasema. "Mtoto ananifia."

Shangazi mmoja akaguna. Mama mkwe alimtazama mtoto, akawatoa wale wawili nje, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Hodi ikapigwa. Akajibu kwa Kinyamwezi, kwa ukali, kwamba mzazi amelala.

Nililia mpaka mabega yakalegea. Nikavuta pumzi, nikaishusha polepole, mara nyingi, sijui ngapi. Ndipo titi likaanza kuchomachoma na kanga ikalowa. Nikamweka mtoto kwenye titi. Hakufungua mdomo.

Nikakamua kwenye kijiko, nikamdondoshea tone moja katikati ya midomo. Nikalikodolea macho koo lake. Sijawahi kusubiri kitu namna ile.

Alimeza. Pale mlangoni, mama mkwe akaangua kilio.