Ua wa Kisima cha Baba

Jumamosi iliyopita, nyuma ya nyumba ya binti yangu hapa Queensbury, mkwe wangu alikuwa akichoma mbavu za mbuzi, nami nimeketi kando na koti langu, maana kiangazi cha London hakijapata kunidanganya. Upepo ukageuka, moshi ukanifikia: mtamu, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Nikaomba mfuko wa kuni. Mkwe wangu aliununua kwa kuwa mtu kazini alimwambia kuni hizo hunogesha nyama. Mimi husoma kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa jina la kitaalamu la mti. Ulikuwa wa ukoo mmoja na mathenge, mti wa miiba ninaoujua tangu utotoni. Niliurudisha mfuko, na nyama sikuigusa.

Nilizaliwa kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya mchanga na mawe meusi ambayo wageni huiita tupu. Haikuwa tupu. Migunga ilisimama kando ya laga, mto wa mchanga unaopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Asubuhi walishuka firigogo, ndege wa jangwani, na dume alilowesha manyoya ya kifua ili awapelekee makinda maji. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Baba alikuwa msimamizi wa kisima cha laga hiyo. Ndiye aliyepanga zamu: leo ngamia wa nani, kesho mbuzi wa nani. Kila mwaka kisima kilizungushiwa ua wa matawi ya miiba ili mifugo isiporomoshe kingo. Baba aliyakata kwenye migunga, tawi moja hapa, moja pale, kwa hadhari ya kinyozi anayemnyoa baba mkwe.

Kwetu, aliyetumwa kutafuta malisho aliporudi alipewa maziwa, kisha akaulizwa jambo moja: umeona au umesikia? Aliyesema amesikia hakulaumiwa, ila hakuna aliyehama. Aliyesema ameona, watu walivunja nyumba na kupakia ngamia kwa neno lake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipoamua niache shule nikachunge. Wiki hiyo hiyo bwana misitu alikuja shuleni na gunia la mbegu za mathenge. Alisema mti huo hauogopi ukame na ungelizuia jangwa. Hakutuonyesha hata mmoja. Nilijaza mfuko wa kaptura, nikamwendea baba kisimani, nikamweleza habari ya ua unaoota wenyewe, migunga ipate kupumzika. Nilisema hayo ndiyo manufaa ya shule.

Alikuwa akiwanywesha mbuzi. Hakuinua kichwa.

"Mti huo, umeuona au umeusikia?"

"Nimeuona, baba."

"Mzima? Uliokwisha kukua?"

"Mzima. Mbuzi wanaupenda."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Basi panda," akasema. "Jumatatu urudi shule."

Nilipanda. Miti ilishika haraka, na shangazi akaniita Bwana Misitu, hasa niliposahau kufunga zizi. Kisha ikazaa maganda ya manjano, matamu, mbuzi wakayagombania, na kila walikopita waliziacha mbegu katika samadi. Nilikwenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha huku. Kila niliporudi likizo laga ilikuwa imesongwa zaidi. Migunga ilikauka. Firigogo, ambao hutua penye uwazi tu, hawakushuka tena. Baba mdogo alinipokea kwa kicheko: "Mbuzi wa kaka wamesoma mno, hawana hata jino."

Haikuwa mzaha. Baba alimkamata jike mmoja, akamfunua mdomo. Fizi tupu. Sukari ya maganda ilikuwa imeyamaliza meno, na mnyama alikuwa akifa kwa njaa mbele ya majani. Nilipouliza kisima, baba alinyoosha fimbo kuelekea kichakani. "Kimo humo," akasema. Miaka yake ya mwisho, yeye aliyewapangia wengine zamu, alisimama kwenye foleni ya lori la maji, kibuyu cha plastiki mkononi.

Nimesoma mengi juu ya mti ule. Haki inanitaka niseme kwamba wengi waliupanda, na mahali pengi. Ila ule wa kisimani niliupanda mimi.

Maisha yangu yote niliamini kwamba siku ile nilimdanganya baba. Nilikuwa mzee tayari nilipojiuliza: ningeuona wapi? Sikuwa nimepata kuvuka laga ile bila yeye, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitaka nisome. Akaupokea uwongo wangu kama ushahidi, akatoa kisima.

Nilipourudisha mfuko, mjukuu wangu aliniuliza, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yake, iwapo naujua mti wa kuni zile.

"Nimeuona," nikamjibu.

Aliridhika, akaenda kuchukua sahani.