Dorika Alivyogonga Meza

Mimi Martina nimepika na Dorika miaka mitatu kwenye kambi ya wajenzi wa reli, jirani na Kintinku, na nasema wazi: hakuna mwanamke aliyewahi kuniudhi kama yeye. Kupika alijua, ugali wake ulisifiwa na kambi nzima, lakini kwa jambo moja alikuwa bubu. Alimpenda Paschal, fundi wa vipimo, na hakutaka kusema.

Paschal ndiye aliyemfundisha poka, mchezo wa karata aliojifunza kwa wahandisi wageni. Walicheza mchana, masufuria yakishaoshwa, kwa punje za alizeti. Kila mmoja anaficha karata mbili, tano nyingine zinafunuliwa mezani kidogo kidogo, na kila zinapofunuliwa mnaamua: kuweka punje, au kugonga meza, yaani kupisha. Mgawaji husema mwisho. Anayetangulia ndiye mwenye shida, kwa sababu anasema bila kujua mwenzake ataamua nini.

"Ukitangulia, gonga tu," Paschal alimwambia. "Niachie mimi niweke kwanza, halafu utajua la kufanya."

Hilo lilimfaa sana Dorika. Kwao binti hatangulii kusema hata chumvi ikizidi. Akagonga wiki nzima, akaliwa punje zote.

"Sasa sikia," Paschal akamwambia siku moja, akicheka. "Kuna siku za kutangulia. Karata za mezani zikikufaa wewe kuliko mimi, weka. Usinisubiri, maana na mimi naweza kugonga. Hapo karata inayofuata inakuja bure, na inaweza kukuharibia kila kitu."

Dorika akaelewa upesi. Alikuwa akigonga, akigonga, halafu meza ikiwa yake anasukuma lundo la punje bila kupepesa macho. Mafundi wengine walimkimbia. Alibaki Paschal peke yake, naye sidhani kama alifuata alizeti.

Kazi ikaisha, kambi ikavunjwa. Paschal akaja jikoni na begi lake.

"Haya Dorika, naondoka. Una neno?"

"Sina, kaka. Safari njema."

Kaka! Nilitamani kumchapa mwiko. Paschal alisimama mlangoni kitambo, akachezea kofia yake, kisha akaaga. Dorika akaingia stoo ya mchele na kulia mpaka jioni.

Sasa tuna mgahawa wetu Utemini. Miaka minne imepita, na kila mwanaume mrefu akiingia Dorika anageuka. Wachumba wawili wamefika kwao, amewakataa wote. Anamkumbuka yule mtu hadi namna alivyokuwa akikohoa, na mimi inaniuma kumtazama.

Jumapili iliyopita akasema amechoka kusubiri. Akapiga simu, akaweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa na unga.

"Paschal, ni Dorika wa kambini. Nilikupenda, na bado nakupenda. Nimeona niseme mimi."



"Siku ile niliyokuaga nilikaa stendi ya Manyoni," Paschal akasema polepole. "Mabasi matatu yaliondoka nikiyaangalia. Nilikuwa nasubiri unipigie."

"Na sasa?"

Kwa mbali tukasikia mtoto akicheka.

"Sasa mke wangu ananiita nikale, Dorika."

Dorika akamwambia aende, chakula kisije kikapoa.