Kikombe Kando ya Cherehani

Miaka ile baada ya Mapinduzi nilikuwa nashona kwa fundi mmoja mtaa wa Mchangani, na asubuhi ya kwanza baada ya sikukuu nilikuwa siipendi hata kidogo. Jana yake tulikuwa Mnazi Mmoja, tunakula ubuyu na kuzitazama nguo tulizozishona wenyewe zikipita. Leo tena cherehani, miguu mizito kama si yangu.

Mwezi mzima wa Ramadhani fundi wangu alikuwa akiweka kikombe cha maji pembeni. Hakutaka tulowanishe uzi kwa mdomo, tusije tukaharibu saumu. Tulichovya ncha kikombeni, ndipo tukatunga sindano. Basi asubuhi ile nami nikachovya bila ya kufikiri. Vidole vikaungua! Kikombeni mlikuwa na chai ya fundi.

"Unafunga mwezi wa nani wewe?" akanifokea, huku anacheka.

Nikakata uzi mwingine, nikautia mdomoni. Ulikuwa na ladha ya pamba tupu, si ubuyu wa jana, nikajua sikukuu imekwisha kweli.

Fundi keshatangulia mbele ya haki. Idi imepita tena, kikombe cha maji kingali kando ya cherehani yangu, na hakuna wa kunifokea.